Bima Iliyo Kwenye Droo

Chini ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Bariadi, pembeni ya mashine ya risiti ya EFD, huwa kuna daftari la pili ambalo mtu wa kodi haonyeshwi. Si la siri, ni la aibu kidogo tu. Ndani yake tajiri, mwenye duka, ameandika kwa kalamu ya bluu pesa alizowapa vijana wake: tarehe, jina la kwanza, kiasi, kisha maneno machache ya sababu. "Mtoto, Somanda." "Dawa." "Nauli Mwanza, mama." Mistari mingine imepigwa wino mwekundu, maana yake deni limeshakatwa kwenye mshahara. Iliyobaki haijakatwa na haitakatwa, na tajiri na kijana wote wawili wanalijua hilo bila kuambiana.

Daftari hilo ndilo bima ya afya ya wafanyakazi wa biashara ndogo mkoani Simiyu. Lina mchangiaji mmoja, mtunza fedha mmoja na mtoa kibali mmoja, naye ni mtu yuleyule. Mazungumzo ya bima ya kikundi, yaani wafanyakazi kukatiwa bima pamoja, huanza mara nyingi kana kwamba mwajiri mdogo leo halipi chochote, na sheria ndiyo inayokuja kumtwisha mzigo mpya. Sivyo. Analipa tayari, ila analipa siku asiyoichagua, kwa kiasi kinachotegemea droo ya mauzo ililala na nini jana yake. Akiuguliwa mmoja wiki ambayo mauzo ya mabati yamesimama, kijana ataambiwa asubiri Jumamosi.

Na hata asingekuwa na moyo wa kutoa, sheria ilishamfikia zamani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kipindi cha miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ilimradi alete cheti cha daktari. Duka la wafanyakazi sita likipoteza mmoja kwa miezi miwili, linalipa mshahara wake na wa anayeshika nafasi yake. Gharama ya ugonjwa imo ndani ya biashara ndogo tangu hapo. Kinachokosekana ni wenzake wa kuibeba naye.

Simiyu ni mkoa mchanga. Ulianzishwa Machi 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, ukaongezewa Busega iliyotoka upande wa Mwanza. Una wilaya tano, Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, na sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,140,497. Ndio unaoongoza kwa pamba nchini, na pamba ndiyo inayopanga kalenda ya kila droo, hata ya muuza simu ambaye hajawahi kushika jembe. Kati ya Mei na Agosti, pesa ya msimu inapotembea, saruji inatoka, gesti zinajaa, bodaboda wanapeleka hesabu kwa tajiri bila kununa. Ikifika Januari mji unakuwa mkimya. Mwaka 2019 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, lakini wakulima wengi walikaa miezi wakisubiri malipo, na maduka yakasubiri pamoja nao. Mpango wowote wa bima unaodai kiasi kilekile kila tarehe 30 ya mwezi, Januari kama Julai, umeandikwa na mtu anayepokea mshahara wa serikali.

Historia yenyewe inaonyesha jinsi mfanyakazi wa dukani alivyoangukia kwenye nyufa. Uchangiaji wa gharama katika hospitali za umma ulipoanza mwaka 1993, swali la nani amlipie mgonjwa lilihama kutoka Hazina kwenda nyumbani. Majibu yakaja mawili. Kwa mkulima ukaja Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulioanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996 na kupata sheria yake 2001: kaya inalipa mara moja kwa mwaka, inatibiwa kwenye vituo vya karibu. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kiwango kilichozoeleka kikawa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Kwa mtumishi wa umma ukaja Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, uliotungiwa sheria 1999 na kuanza kazi 2001: asilimia 6 ya mshahara, nusu kwa mwajiri na nusu kwa mtumishi, inakatwa kabla mshahara haujafika benki. Kampuni za bima za binafsi nazo zikaenda kwa wenye kampuni kubwa, migodi na mabenki.

Kijana anayepanga nondo Bariadi si mkulima, ingawa anko wake huko Itilima analima. Si mtumishi wa umma. Na tajiri wake si benki. CHF ilimpokea kama mwanakaya, lakini kadi hiyo hutegemea mkuu wa kaya aliyebaki kijijini, na kijana amepanga chumba mjini. Mlango wa NHIF ulikuwepo, ila ulimfungukia mwajiri mwenye karatasi. Katikati ya hapo NHIF ilijaribu kuwafikia watu wa aina yake kwa njia ya vikundi: KIKOA kwa wajasiriamali waliosajiliwa pamoja, kwa shilingi 76,800 kwa mtu kwa mwaka, na mwaka 2018 Ushirika Afya kwa wakulima walio kwenye vyama vya ushirika vya AMCOS, wa pamba wakiwemo, kwa kiwango hichohicho. Neno "kikundi" likatamkwa kwa uzito kwenye bima ya watu wa kipato kidogo, na hapo ndipo penye fundo la jambo hili lote.

Kikundi kinafanya nini hasa? Si kupata punguzo, kama wengi wanavyodhani, mfano wa kununua soda kwa kreti. Kazi yake kubwa ni kuwaingiza wazima pamoja na wagonjwa. Mtu akiachiwa ajiunge peke yake siku atakayo, atajiunga siku anayoumwa, au mkewe akiwa na mimba ya miezi saba. Hilo si uhuni, ni akili ya kawaida ya mwenye pesa kidogo. Ila mfuko wa namna hiyo hauishi. Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya NHIF, ilituonyesha. Kwa shilingi 50,400 kwa mwaka mtoto alitibiwa karibu kila mahali, na wazazi wakafanya kile ambacho mzazi yeyote angefanya: waliokimbilia kadi walikuwa hasa wenye watoto wanaougua. Fedha zilizotoka zikazidi mno zilizoingia, na mwaka 2023 usajili wa mtoto mmojammoja ukasimamishwa, wazazi wakaelekezwa shuleni. Shule ni kikundi ambacho hakikuundwa kwa ajili ya ugonjwa, na ndiyo sifa inayotakiwa.

Mahali pa kazi napo ni hivyohivyo. Watu hawaajiriwi kwa sababu wanaumwa, huajiriwa kwa sababu wana nguvu. Ndiyo maana tangu Ujerumani ya Bismarck mwaka 1883 bima ya afya imependa kuingilia mlango wa kiwanda. Lakini kiwanda kile kilikuwa na mamia ya watu. Duka letu lina sita. Mmoja wa hao sita figo zake zikifeli, akahitaji kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, michango ya wote kwa mwaka mzima inaisha kabla mwezi haujaisha. Kampuni ya bima ya binafsi inalijua hilo, na ina silaha zake: idadi ya chini ya watu kabla ya kuuza, fomu ya maswali ya afya, ukomo wa matibabu kwa mwaka, na mwishoni bei mpya wakati wa kuhuisha mkataba. Tajiri aliyelipa mwaka wa kwanza bila manung'uniko anaona ankara ya mwaka wa pili, anakumbuka yule kijana mwenye figo, na hapo linazaliwa wazo baya ambalo hakuwa nalo: kwamba amwondoe. Kikundi kidogo mno kinamgeuza mgonjwa kuwa mkosaji mbele ya wenzake.

Hebu tupige hesabu ya duka hilo. Chukulia wafanyakazi sita, kila mmoja shilingi 200,000 kwa mwezi. Asilimia 6, kama ya mtumishi wa umma, ni 12,000 kwa mtu: 6,000 za kijana, 6,000 za tajiri. Kwa wote sita, sehemu ya tajiri ni 36,000 kwa mwezi, karibu bei ya mifuko miwili ya saruji. Hapo mtu atasema, mbona ni kidogo? Ni kidogo, na tatizo liko upande wa pili. Kwa mwaka mzima kila mfanyakazi na kaya yake wanaleta shilingi 144,000. Serikali ilipopeleka bungeni muswada wa bima kwa wote mwaka 2022, kiwango kilichotajwa kwa kaya ya watu sita kilikuwa 340,000 kwa mwaka, na 84,000 kwa mtu mmoja. Kelele zilikuwa nyingi: vibarua watazitoa wapi? Lakini ikichukuliwa kwamba namba ile ilikaribia gharama halisi, basi ili asilimia 6 ya mshahara izae 340,000, mshahara unatakiwa uwe kama 472,000 kwa mwezi. Wapanga nondo wangapi Bariadi wanaupata?

Maana yake ni kwamba maduka haya, hata yote ya mji yakiungana, yakaunda kikundi kikubwa cha kupendeza, bado yangekuwa kikundi cha masikini wanaochangiana umasikini. Yanahitaji kuchanganywa na walimu, wauguzi, maofisa wa halmashauri, na watu wa mabenki ya Dar es Salaam, ambao asilimia 6 yao inazidi matumizi yao. Hilo ndilo jambo ambalo mawakala wa bima hawalisemi wanapopita madukani, na ambalo wanasiasa hulisema kwa kuzunguka: bima ya mfanyakazi wa biashara ndogo haiwezi kujitegemea kama bidhaa. Inawezekana tu ndani ya mfuko ambao mwenye mshahara mkubwa hana ruhusa ya kutoka.

Muswada ule wa 2022 uliwekewa meno ya ajabu. Asiye na bima angekwama kwenye leseni ya udereva, pasi ya kusafiria, TIN, na hata kidato cha tano. Uliahirishwa bungeni, ukarudishwa kutengenezwa, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ikapita tarehe 1 Novemba 2023 na kusainiwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi huohuo. Inamtaka mwajiri wa sekta binafsi iliyo rasmi amsajili mfanyakazi wake, na mchango wagawane, mwajiri asibebe chini ya nusu. Kwa wasio na uwezo umewekwa mfuko wa kuchangiwa na tozo za vinywaji baridi, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Inafurahisha kidogo kwamba kijana anayebeti kila Jumamosi kwenye kibanda cha Malambo anamlipia bibi yake matibabu bila kujua.

Kwenye karatasi, fundo limefunguka: kikundi ni nchi nzima. Mjini Bariadi kuna fundo jingine, nalo liko kwenye neno "rasmi".

Nani ni mwajiriwa? Kijana wa nondo analipwa mkononi, hana mkataba wa maandishi, na mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, haumjui. Dereva wa bodaboda analeta hesabu kwa tajiri kila jioni na mwisho wa mkataba pikipiki inakuwa yake: je, huyo ni mwajiriwa, mpangaji, au mnunuzi kwa awamu? Mama lishe ana wasichana wawili wa kuosha vyombo wanaolipwa kwa siku na kula hapohapo. Kiwanda cha kuchambua pamba kinachukua vibarua wengi msimu ukifunguka na kuwaacha ukifungwa, wakati kadi ya bima ni ya mwaka. Saidia fundi leo yuko kwenye ghorofa la mtu, kesho kwenye kisima. Sheria inaweza kumwamuru mwajiri amsajili mfanyakazi ndani ya siku kadhaa, ila siku hizo zinahesabiwa tangu lini kwa mtu ambaye kazi yake huanza upya kila asubuhi?

Tajiri naye ana hofu yake, na si ya kipuuzi. Kumwandikisha kijana bima ni kukiri kwamba ana mfanyakazi. Akikiri kwa NHIF amekiri pia kwa NSSF, ambako mchango ni asilimia 20 ya mshahara kwa pande mbili. Kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaomtaka kila mwajiri wa Tanzania Bara achangie hata akiwa na mtu mmoja. Kwa ofisa kazi, na kwa mamlaka ya mapato, TRA. Anaona mlolongo. Anayetaka kumuuzia bima ya shilingi 6,000 kwa kichwa anamuuzia kifurushi ambacho bei yake halisi ni nyingi zaidi, na anajua kupiga hesabu kuliko wengi wa wanaomhubiria.

Kodi inaongeza chumvi. Sheria ya Kodi ya Mapato inasema bima ya matibabu anayoitoa mwajiri kwa wafanyakazi wake wote bila ubaguzi haihesabiwi kuwa kipato cha mfanyakazi, na kwa kampuni inayotunza hesabu ni gharama inayopunguza faida inayotozwa. Vizuri. Lakini wafanyabiashara wadogo wengi hulipa kodi ya makadirio, inayokokotolewa kwa mauzo. Kwao, alipe bima ya watu sita au asilipe ya hata mmoja, kodi ni ileile. Nafuu imewekwa mahali ambapo mdogo hafiki. Kwa maoni yangu hili ni rahisi kurekebisha kuliko mengine yote, maana halihitaji zaidi ya kifungu kimoja kwenye Sheria ya Fedha: mwenye risiti za bima apunguziwe makadirio.

Jirani zetu wamechagua vingine. Kenya ilipoanzisha mfuko wake mpya, SHIF, Oktoba 2024, ilimkata mfanyakazi asilimia 2.75 ya mshahara wote na kumwacha mwajiri nje. Mwenye duka wa Kisumu hana sababu ya kumficha kijana kwa ajili ya bima, kwa kuwa haimgusi mfukoni. Ni faida ambayo hatuitazami vya kutosha, ingawa inamwonea kijana. Rwanda, yenye bima ya jamii iliyofikia sehemu kubwa sana ya watu wake, haikupitia mlango wa kazi. Ilipitia kaya na kijiji, na kiongozi wa mtaa anajua nani hajalipa. Simiyu, kwa jinsi watu wanavyofanya kazi, iko karibu na Rwanda kuliko na Bismarck.

Halafu kuna kadi yenyewe: inanunua nini? Mtu wa Bariadi akiugua, kituo chake cha kwanza si zahanati, ni duka la dawa muhimu lililo mkabala na kazini. Dakika tano, dawa ya mseto na panadol, anarudi kwenye nondo. Mara nyingi kadi haimsaidii hapo. Akizidiwa anakwenda Somanda, hospitali ya mji, au Nyaumata, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Huko kadi inafanya kazi hadi dirisha la dawa, ambako kila mwenye kadi anaijua ile sentensi: hii hatuna, kanunue nje. Siku ya kwanza anayoisikia, bima imepoteza mteja na huenda watano wengine, maana habari ya dirisha la dawa inatembea sokoni haraka kuliko tangazo la redio. Yakiwa makubwa, ni barabara ya Lamadi hadi Mwanza, hospitali ya Bugando.

Machi 2024, NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya cha bei, hospitali binafsi kadhaa nchini zilikataa kuwahudumia wanachama wake mpaka mazungumzo yafanyike. Bariadi haikuyumba sana, kwa sababu ambayo haitufurahishi: hospitali binafsi za kugoma ni chache huku. Ila waajiri waliosoma habari ile walijifunza kitu. Droo yao, pamoja na udhaifu wake wote, haijawahi kugombana na hospitali.

Nisieleweke vibaya, droo ni bima mbaya. Inampa zaidi kijana anayependwa. Msichana wa gesti anayeogopa kusema anaumwa nini kwa tajiri mwanaume hapati kitu, au anapata baada ya kueleza mambo ambayo daktari peke yake angestahili kuyasikia. Na inamfunga mtu: mwenye deni la 180,000 la upasuaji wa mtoto hawezi kuhama duka hata akipata pa mshahara mzuri zaidi. Nimesikia matajiri wakiuita utaratibu huo "kulea vijana". Vijana wenyewe wana jina jingine.

Kwa hiyo nani aunde kikundi? Simiyu haikosi watu waliozoea kuchangiana. Kila mtaa una vikoba vyenye mfuko wa jamii pembeni ya hisa, na vyama vya kufa na kuzikana vinavyokusanya bila mahakama wala mgambo. AMCOS nazo zina kitu ambacho duka halina: zinaigusa pesa ya pamba kabla haijafika mfukoni. Mwanachama wa Ushirika Afya angeweza kulipa mwaka mzima Julai, akaisahau hadi Julai nyingine. Umoja wa wenye maduka, chama cha bodaboda au ofisi ya soko ingeweza kuwa mwajiri wa makaratasi kwa wanachama wake: ikapokea mchango wa mwaka wakati wa msimu, ikapeleka orodha moja, ikabeba kazi ya kuongeza na kuondoa majina vibarua wanapohama duka moja kwenda jingine mjini humohumo. Kijana angekuwa mwanachama wa soko, si wa tajiri, na figo zake zisingekuwa hoja ya mtu mmoja. Lakini umoja huo uwe mlango wa kuingilia mfuko wa taifa, usijifanye mfuko. Ukishika pesa na kuanza kuamua nani atibiwe, tumerudi kwenye droo, tofauti ni kwamba hii ina mwenyekiti na katibu.

Chukulia limewezekana. Fomu imefika dukani, tajiri ameitandaza juu ya kaunta, kijana anajaza. Jina lake. Jina la mwenza. Kisha nafasi nne za wategemezi. Kaya za Simiyu ni miongoni mwa kubwa kuliko zote nchini, na kaya ya watu sita inayopangwa Dodoma si kaya ya Usukumani. Watoto wake ni watatu, nafasi imebaki moja. Yupo mdogo wake anayesoma Bariadi na kulala kwake, na yupo mama kijijini Itilima, mwenye presha, yule wa nauli ya Mwanza. Anashika kalamu muda mrefu. Tajiri anamtazama, anamwambia andika mama. Anaandika mama. Daftari la pili linarudi mahali pake chini ya kaunta, kwa ajili ya mdogo wake.